Rangi Haifichi Kitu: Kuunga na Kupaka Rangi Nakala ya Silaha ya Mchezo wa Video

Ukishafungua boksi la vipande, mkono huwasha kutaka kushika kopo la rangi. Uzuie. Rangi haifichi kosa, hulitangaza. Mshono uliosuguliwa haraka haraka huonekana kidogo tu kwenye resini tupu, lakini ukiupulizia rangi ya fedha utaonekana hadi upande wa pili wa chumba, kwa sababu rangi ya metali huakisi mwanga, na mwanga hufuata kila bonde na kila kilima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi inayofanyika kabla kopo halijatikiswa hata mara moja.

Ninazozungumzia hasa ni seti za resini ya poliurethani (plastiki ya majimaji inayoganda) iliyomiminwa kwenye kalibu za silikoni. Zilizochapwa kwa printa ya 3D hufuata njia ileile, zikiwa na matatizo machache ya kwao ambayo nitayataja yanapotokea.

Kabla ya gundi

Panga vipande vyote mezani na uvilinganishe na orodha ya muuzaji. Kisha kusanya picha za skrini za silaha hiyo ndani ya mchezo: kushoto, kulia, juu, mbele na nyuma. Usitegemee picha moja. Mwanga wa mchezo hudanganya, na chuma kilekile huonekana cha buluu kwenye korido ya giza na cha kahawia jangwani.

Picha hizo zina kazi nyingine kubwa kuliko ya kuchagua rangi: zinakuonyesha mstari upi ni wa silaha yenyewe na upi ni wa kiwandani. Mstari unaotenganisha bamba mbili za mtutu ni sehemu ya muundo, lazima ubaki mkali. Mstari mwembamba unaozunguka kipande chote, mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana, lazima uondoke. Asiyetenganisha mambo haya mawili hujaza kila mfereji anaouona, na bastola inaishia kuwa laini kama sabuni iliyotumika. Weka alama ya penseli kwenye kila mshono unaotakiwa kufa. Usioutia alama, usiuguse.

Sasa osha. Resini hutoka kwenye kalibu ikiwa na utando wa mafuta ya kutenganishia, na utando huo usioonekana ndio unaofanya rangi ibanduke na tepu baadaye. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, usugue hadi ndani ya mitaro. Maji ya moto hayafai hapa, maana vipande vyembamba hulainika na kupinda. Suuza, acha vikauke usiku kucha, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili. Ili kujua kama pamesafika, dondosha tone la maji: likijikusanya na kusimama duara, utando bado upo, likitandaa, endelea.

Kuhusu kupinda, mitutu mirefu na bamba nyembamba hufika zikiwa zimejikunja mara nyingi. Zitumbukize kwenye maji ya takriban nyuzi 70 za Selsiasi kwa dakika chache, zinyooshe taratibu juu ya meza iliyo sawa, kisha zishikilie hivyohivyo ndani ya maji baridi hadi zikaze. Ukilazimisha kipande kikiwa baridi kitakatika, au kitanyooka kwa muda na kurudi kilivyokuwa baada ya kuunganishwa, kikiuvuta mshono ufunguke. Plastiki ya PLA, inayotumika sana kwenye printa za 3D, huanza kulainika karibu na nyuzi 60, kwa hiyo kwake tumia maji ya joto la chini zaidi, na usiiache kamwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Vipande vilivyochapwa kwa resini inayogandishwa kwa mwanga vikiwa na uwazi ndani, hakikisha havina resini mbichi iliyobaki humo. Ikibaki, baada ya muda kipande kinaweza kupasuka chenyewe, rangi na yote.

Kuunga

Funga vipande vyote pamoja kwa tepu ya karatasi bila gundi, uone vinavyokaa. Hapo utagundua kipande kinachohitaji tupa kidogo, na utaamua jambo muhimu zaidi: vipi viungwe sasa na vipi vipakwe rangi peke yake. Kanuni yangu ni kuunga mapema vipande vya rangi moja vinavyogawana mshono wa kufichwa, na kuacha vingine vyote. Kifyatulio, vifuniko vya kishikio, darubini na kitu chochote cha rangi tofauti vipakwe peke yake. Utaokoa saa nyingi za kuziba kwa tepu. Nyuso za vipande hivyo zitakazogusana baadaye zifunike, au zikwangue rangi kabla ya kuunga, kwa kuwa gundi iliyokaa juu ya rangi hushika rangi tu, haishiki kipande.

Gundi peke yake haitoshi pale penye uzito. Mtutu unaochomoza, kishikio na upanga wa vipande viwili au vitatu vyote vinahitaji pini za chuma. Kwa bastola, fimbo ya shaba ya milimita 3 inatosha. Toboa tundu la kina cha milimita 15 kila upande, kata pini ya milimita 28, ili zibaki milimita 2 za gundi iliyozidi kukimbilia. Pini ikijaza tundu lote, gundi haina pa kwenda na itakuzuia kufunga mshono. Ili matundu yakutane, toboa upande mmoja kwanza, weka tone la rangi kwenye mdomo wa tundu, bana vipande pamoja, na tone litaacha alama upande wa pili. Toboa kwa mwendo wa polepole, kwani drili ya kasi huyeyusha resini, nayo huganda kwenye biti na kupanua tundu. Piga pini msasa namba 80 ili epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa) ipate pa kushika. Kwa upanga mrefu, pini fupi hazitoshi kabisa. Unahitaji bomba la alumini au fimbo inayopita ndani ya ubapa wote hadi kwenye mpini, la sivyo ubapa utaning'inia polepole kwa uzito wake wenyewe.

Kuhusu gundi: supaglu nzito inafaa vipande vidogo na urembo, lakini ikikauka hupasuka kirahisi, kishindo kimoja cha kuanguka huachanisha. Penye pini tumia epoksi. Ile ya dakika 30 hukupa muda wa kunyoosha na kwa kawaida hukaza zaidi kuliko ya dakika 5. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa, na uangalie kama ni uwiano wa ujazo au wa uzito. Epoksi iliyobaki inanata baada ya siku nzima ni epoksi iliyopimwa vibaya au isiyokorogwa vya kutosha. Haitakauka kwa kusubiri, itabidi ikwanguliwe yote. Bana kwa tepu au raba, na uache saa 24 kabla ya kuanza msasa, hata kama inaonekana ngumu.

Usitumie supaglu karibu na kioo cha plastiki angavu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe ulio mgumu kutoa. Vipande hivyo viunge kwa epoksi angavu, au kwa gundi nyeupe ya mbao pasipo na mzigo.

Puti, msasa na ukweli wa kijivu

Viputo vya hewa ndivyo adui mkubwa wa resini. Vingine vimefunguka na unaviona kama vitundu. Vingine vimejificha chini ya ngozi nyembamba na hupasuka pale msasa unapovifikia. Kila kimoja kifungue kwanza kwa biti ya milimita 1 hadi uone ukuta wake wote, ndipo ukijaze. Ukipaka puti juu ya tundu lenye mdomo mdogo, hewa hubaki chini yake na puti huzama au kuruka baadaye, mara nyingi ukiwa tayari kwenye rangi ya mwisho. Kwa vitundu vidogo, tone la supaglu nzito linatosha, mradi ulisugue ndani ya saa moja hivi. Likikaa sana huwa gumu kuliko resini inayolizunguka, na msasa utachimba pembeni huku tone likibaki limesimama.

Mishono mikubwa ni kazi ya puti ya magari yenye hadina (dawa ya kuigandisha). Hadina iwe takriban asilimia 2 kwa uzito. Ikipungua, puti hubaki laini na kuziba msasa. Ikizidi, hukauka kabla hujaieneza na rangi ya hadina inaweza kupenya hadi kwenye rangi nyeupe ya juu. Korogea kwenye bamba gumu badala ya kadibodi, ambayo hunyonya sehemu ya mchanganyiko. Una dakika chache tu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Puti ya bomba isiyo na hadina ifanyie mikwaruzo tu: hukauka kwa kupoteza kimiminika, hivyo husinyaa, na ukiijaza kwenye bonde la kina itakuachia bonde jingine kesho yake.

Msasa: namba 120 kusawazisha puti, 220 kuondoa mikwaruzo ya 120, kisha 400. Kuruka ngazi hakuokoi muda, kwa maana mikwaruzo ya 120 haitoki kwa 400, inang'arishwa tu. Penye uso bapa, zungushia msasa kwenye kipande cha mbao. Kidole ni laini, hubonyea, na kitakuachia bonde pembeni mwa mshono ambalo utaliona wakati wa kung'arisha. Kingo kali zilinde kwa tabaka mbili za tepu unaposugua karibu nazo. Kuanzia 400 tumia msasa wa maji. Vumbi halitaruka, na vumbi la resini si la kuvuta kabisa. Hata ukisugua majini, vaa barakoa ya kuchuja vumbi.

Halafu praima, yaani rangi ya kwanza inayotangulia rangi yenyewe. Ichague ya kijivu, ile nzito ya kujaza, na upige mikono (tabaka) miwili au mitatu myepesi, dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono, kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake, na uachie kidole ukiwa umeshatoka upande wa pili. Ukianzia juu ya kipande, mate ya kwanza ya kopo yatatua hapo.

Praima ikikauka, fanya hatua ambayo watu wengi huiruka na ambayo mimi siwezi kuitetea vya kutosha: puliza rangi nyeusi kwa mbali sana, nukta nukta tu, juu ya kijivu chote. Sugua kwa msasa wa maji namba 400. Panapobaki nyeusi ni bonde. Panapotokeza resini haraka ni kilima. Kipande chenyewe kinakuchorea ramani ya makosa, na huhitaji tena kukisia kwa kukigeuza geuza dirishani. Jaza, praima, nukta, msasa. Rudia hadi kijivu kitoke safi kote. Resini nzuri huhitaji mizunguko miwili. PLA yenye mistari ya tabaka inaweza kuhitaji minne au mitano.

Rangi

Kabla ya kununua makopo, elewa nani anaweza kukaa juu ya nani. Rangi ya laka ina thina kali. Ukiipuliza juu ya rangi ya mafuta, ya chini huvimba na kukunjamana. Kinyume chake, mafuta juu ya laka iliyokauka, haina shida. Rangi ya maji hukaa juu ya zote zikishakauka. Makopo mengi ya rangi ya mafuta huandika pia dirisha la kurudia: ndani ya saa moja, au baada ya saa 48. Maneno hayo yachukulie kwa uzito. Katikati ya muda huo ngozi ya juu imekauka na chini bado kubichi, na mkono mpya utaifanya yote ijikunje. Ikitokea, usiifunike. Acha ikauke kabisa kwa siku kadhaa, sugua hadi praima, anza upya.

Uso wenye chenga chenga kama vumbi maana yake ulipuliza kwa mbali na rangi ilikauka hewani. Michuruziko inatokana na ukaribu au mkono wa polepole. Ukungu mweupe kwenye laka au klia (rangi angavu ya kinga inayopakwa juu) unatokana na unyevu hewani, kwa hiyo siku ya mvua iache ipite. Kopo lililopoa liweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa, kamwe si ya moto, na ulitikise dakika 2 nzima baada ya gololi kuanza kulia.

Kwa chuma cheusi cha bunduki, nyeusi ya mng'ao wa wastani ndiyo msingi. Kwa fedha inayong'aa, msingi ni nyeusi ya kung'aa iliyokauka siku mbili au zaidi, kwa sababu ulaini wa nyeusi ndio unaoipa fedha kioo chake. Ikiwa nyeusi ina ngozi ya chungwa, yaani uso wenye vibonde vidogo vidogo, fedha itakuwa kijivu tu.

Nyeupe ina sheria zake. Bunduki ya mchezo wa Portal wa mwaka 2007, yenye ganda jeupe la kung'aa na makucha matatu meusi, ni mtihani kamili wa uso. Hapo praima ya juu kabisa iwe nyeupe, maana nyeupe juu ya kijivu hudai mikono mingi hadi mitaro ijae na kingo zipotee. Piga mikono minne au mitano myepesi. Chagua nyeupe ya akriliki au laka. Ya mafuta huelekea umanjano kadiri muda unavyopita. Ikikauka wiki moja, ing'arishe kwa msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arishia magari. Usisugue juu ya kingo, hapo rangi ni nyembamba zaidi.

Unapoziba kwa tepu ili kupaka rangi ya pili, bonyeza ukingo wa tepu kwa ukucha, halafu puliza kwanza mkono mwepesi wa rangi ileile ya chini. Itaingia kwenye mianya ya tepu na kuiziba, na rangi mpya haitapata pa kuvuja. Toa tepu rangi ikiwa bado haijawa ngumu, ukiikunja nyuma kwa pembe kali.

Kuchakaza

Hapa ndipo nakala nyingi nzuri huharibika. Mbinu nyingi za kuchakaza zimetoka kwa watengenezaji wa modeli ndogo za vifaru vya kijeshi, ambao hukuza michubuko ili ionekane kwenye kitu cha urefu wa kiganja. Silaha yako ni ya ukubwa halisi. Mchubuko wa milimita 5 juu yake ni mchubuko wa milimita 5, hivyo mingi iwe ya milimita 1 au chini, imejikusanya pale penye sababu.

Sababu ndiyo inayoongoza kila kitu. Jiulize mkono unashika wapi, bastola inapotolewa kwenye mkoba wake inasuguliwa wapi, ikiwekwa chini inagusa wapi. Mdomo wa mtutu, kingo za juu, pembe ya magazini: hapo rangi huisha kwanza. Kishikio hakichubuki, hulainika na kung'aa. Uchafu hukaa kwenye mitaro na kuzunguka skrubu, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kutu ni ya chuma peke yake. Ganda la plastiki au alumini halioti kutu, hata kama inapendeza machoni.

Michubuko ya kweli kabisa hupatikana kwa spreya ya nywele. Piga fedha, ifunge kwa klia, iache ikauke vizuri. Puliza mikono miwili ya spreya ya nywele, subiri nusu saa, kisha paka rangi ya akriliki ya maji juu yake. Ikishakauka kwa kugusa, lowesha kwa brashi yenye maji ya uvuguvugu na usugue kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi. Spreya iliyo chini huyeyuka na rangi hutoka vipande vipande, ikiacha kingo zilizopasuka ambazo brashi haiwezi kuzichora. Haifanyi kazi na rangi ya mafuta, kwa kuwa maji hayapenyi, na ukisubiri hadi kesho yake akriliki itakuwa imekaza.

Uchafu wa mitaroni utengeneze kwa rangi ya mafuta ya wachoraji, nyeusi na kahawia iliyoungua, iliyopunguzwa kwa thina yake hadi itiririke. Lazima klia iwe chini yake. Paka, subiri dakika 10 hadi 20, futa kwa kitambaa kikavu ukielekea chini, kama maji yanavyoshuka.

Grafiti ndiyo ya mwisho. Unga wa penseli laini uliosuguliwa kwa kidole kwenye kingo za nyeusi huipa resini mng'ao wa chuma ambao hakuna kopo linaloutoa. Lakini klia isiyong'aa huuzima mara moja. Kwa hiyo funga kwanza, grafiti baadaye, na ukubali kurudia kingo hizo kila zinapofifia.

Taa, klia na kubeba

Kama kuna taa, zijaribu kabla ya kufunga chochote. Kwa betri ya volti 9 na LED ya buluu ya volti 3.2 kwa miliampea 20, hesabu ni 9 kutoa 3.2, gawanya kwa 0.02, unapata omu 290. Chukua rezista ya 330. Ya rangi ya chungwa hutumia takriban volti 2.1, kwa hiyo omu 345, na rezista ya 390 ni salama. Kila LED iwe na rezista yake. Kwa bunduki ya Portal weka zote mbili na swichi ya njia mbili. Ndani ya ganda jeupe paka nyeusi mikono miwili kwanza, la sivyo ukuta wote utawaka. Bomba angavu lisugue kwa ndani na msasa wa 220 ili mwanga usambae badala ya kuonyesha nukta. Mlango wa betri ushikwe kwa sumaku za milimita 6 kwa 3, na uangalie ncha zake kabla ya kuzigandisha, maana sumaku iliyogeuzwa husukuma mlango nje.

Klia ya mwisho piga mikono miwili myepesi. Isiyong'aa kwa chuma, ya wastani kwa kishikio. Klia ya viungo viwili ni ngumu na nzuri, ila ina kemikali za isosaianeti zinazoweza kuyafanya mapafu yapate mzio wa kudumu bila harufu ya kukuonya. Waachie wenye chumba cha kupulizia na hewa ya bomba. Hata kwa makopo ya kawaida, vaa barakoa yenye katriji za mvuke na ufanye kazi mahali penye hewa. Acha kitu siku 7 kabla ya kukilaza juu ya kitambaa, vinginevyo nyuzi zitaacha chapa.

Hafla nyingi za kosplei (kuvaa kama wahusika wa michezo na filamu) hukagua silaha mlangoni, kwa hiyo soma kanuni zao kabla ya kuchagua rangi ya mdomo wa mtutu. Panapotakiwa ncha ya rangi ya chungwa, ipake na uiache hapo. Njiani, nakala ikae ndani ya mkoba uliofungwa, kwa sababu mpita njia na askari hawana picha zako za skrini. Tembea na supaglu, tepu na kichupa cha rangi ya msingi. Kifyatulio na ncha ya darubini ndivyo huvunjika kwanza kwenye msongamano, na ukishaviunga mezani, vipe saa 24 na epoksi halisi ukirudi.